Nililala na 17, Nikaamka na 14

Wiki ya 11 ya muhula uliopita, saa mbili kasoro robo asubuhi, nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja amesimama mlangoni mwa ofisi, simu mkononi, mtoto mgongoni. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," nami nikamwitikia na kumkaribisha kiti. Hakuketi. Alinionyesha kioo cha simu yake, akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mwalimu, jana usiku nililala na 17. Nimeamka nina 14. Na usiku sijafanya jaribio lolote."

Kwa wasomaji ambao hawajapita chuoni siku za karibuni, nieleze kidogo. Katika somo langu la Stadi za Maendeleo, kama ilivyo katika masomo mengi ya vyuo vyetu, alama 100 za mwanafunzi hugawanywa mafungu mawili: 40 ni za kazi za muhula, na 60 ni za mtihani wa mwisho. Asiyefikisha 16 katika zile 40 hana ruhusa ya kuingia kwenye chumba cha mtihani. Atalirudia somo mwaka unaofuata, akiketi pamoja na wadogo zake, huku nyumbani wakiuliza kwa nini kijana wa fulani kamaliza na yeye bado. Alama tatu zilizopotea usiku ule zilikuwa na thamani ya mwaka mzima wa maisha ya binti yule.

Ningefurahi kuandika hapa kwamba mfumo uliharibika, au kwamba mdukuzi aliingia. Haikuwa hivyo. Aliyeziondoa zile alama ni mimi, saa tano usiku, nikiwa sebuleni kwangu na kikombe cha chai pembeni, kwa kubadilisha tarakimu mbili na kubofya neno moja: hifadhi.

Jambo lilianza wiki ya nane. Siku hiyo wanafunzi wangu, zaidi ya mia moja, walikuwa wakifanya jaribio la pili kupitia mfumo wa kujifunzia wa mtandaoni. Tangu mwaka 2018 Songea imeungwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako, na sisi tunaokumbuka ngurumo za mashine za dizeli tunajua tulikotoka. Lakini umeme ni jambo moja na mtandao ni jambo jingine. Dakika ya kumi ya jaribio, mtandao ulikatika katika sehemu kubwa ya mji. Waliokuwa Msamala na Bombambili walibaki wakitazama kiduara kinachozunguka. Wachache, ama kwa bahati ya laini waliyokuwa wakiitumia ama kwa sababu walikuwa wamejibu haraka, walimaliza na kukusanya. Mtandao uliporudi, muda wa jaribio ulikuwa umekwisha na mfumo ulikuwa umewafungia mlango. Wengi walipata 1, 2 au 3 kati ya 10, kwa maswali waliyowahi kuyajibu.

Malalamiko yalikuja, na yalikuwa ya haki. Nami nikatafuta dawa. Zile alama 40 za muhula nilikuwa nimezigawa hivi: jaribio la kwanza 10, jaribio la pili 10, insha ya mtu binafsi 15, na kazi ya kikundi 5. Mgawanyo huo niliutangaza wiki ya kwanza, na ulikuwa umeandikwa kwenye mwongozo wa somo. Usiku wa wiki ya 10 niliamua kwamba, kwa kuwa jaribio la pili liliingia dosari, nitalipunguza uzito kutoka 10 hadi 5, na zile 5 zilizobaki nizipeleke kwenye kazi ya kikundi, ambayo karibu kila mtu alikuwa amefanya vizuri. Jumla ingebaki 40 ileile. Niliona nimetenda jambo la busara na la huruma.

Na kwa wengi ilikuwa hivyo. Nimchukue kijana mmoja ambaye mtandao ulimkatikia swali la kwanza tu. Alikuwa na 5 katika jaribio la kwanza, 1 katika la pili, 6 katika insha, na 3.5 katika kazi ya kikundi: jumla 15.5. Alikuwa nje ya mtihani kwa nusu alama. Baada ya mabadiliko yangu, ile 1 ikawa nusu, na ile 3.5 ikawa 7, naye akafikisha 18.5. Kijana huyo, nadhani, aliamka akimshukuru Mungu.

Sasa mtazame binti aliyesimama mlangoni. Jaribio la kwanza alipata 3, kwa sababu wiki hiyo ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kujifungua. Jaribio la pili alipata 8, kwa sababu aliamka saa kumi alfajiri, akamwacha mtoto kwa jirani, akaja kukaa kwenye ngazi za jengo la utawala ambako mtandao huwa na nguvu, akajibu upesi na kukusanya kabla haujakatika. Insha alipata 5 kati ya 15. Kazi ya kikundi alipata 1 kati ya 5, kwa kuwa mtoto alilazwa siku ambazo wenzake walikuwa wakikutana. Jumla: 17. Mimi nikaja usiku, nikachukua ile 8 aliyoitolea jasho na kuifanya 4. Nikachukua ile 1 ya wiki ya mtoto kuumwa na kuifanya 2. Jumla: 14. Kile alichokifanya vizuri nilikipunguza nusu, na kile kilichomshinda kwa sababu zisizo zake nilikipa uzito maradufu.

Nilianza kumweleza habari za mtandao, na wengi walionufaika, na jumla kubaki 40. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi ni mtoto wa mkulima. Hii ni lumbesa."

Anayeishi Ruvuma hahitaji kuelezwa lumbesa, lakini kwa wa mbali niseme. Mkulima amekubaliana na mnunuzi bei ya gunia. Siku ya kupakia, mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza hadi mdomoni, halafu analiongezea kilemba juu, linashonwa kwa kamba likiwa limetunisha kifua kama jogoo. Bei haijabadilika. Neno "gunia" nalo halijabadilika. Kilichobadilika ni kipimo, na kimebadilishwa na mwenye lori, baada ya mkulima kulima, kupalilia, kuvuna na kubeba. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo hupita kukagua, na viongozi huikemea lumbesa katika kila mkutano wa wakulima. Serikali imelielewa jambo hili vizuri kabisa linapohusu viazi na mahindi: kipimo hakiguswi baada ya mavuno. Sijui ni kwa nini tunapata taabu kulielewa linapohusu kazi za akili.

Nikajiuliza kwa nini mimi, ambaye darasani hufundisha utawala bora na ushirikishwaji, nilifanya lumbesa bila hata kujitambua. Sehemu ya jibu imo katika chombo chenyewe.

Mfumo tunaoutumia ni Moodle, programu huria iliyobuniwa na Mwaustralia Martin Dougiamas, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyoitumia, na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei 2020, wengi tuliokuwa tukiikwepa tulilazimika kujifunza. Ni chombo kizuri. Sitaki nieleweke vibaya. Lakini daftari lake la alama lina tabia ambazo mhadhiri anayeingia kwa haraka hazijui, na mwanafunzi hazioni kabisa.

Tabia ya kwanza ni kwamba uzito ukibadilishwa, hesabu nzima hurudiwa papo hapo, tangu kazi ya wiki ya pili hadi ya jana. Katika daftari la karatasi tulilorithi kwa walimu wetu, kubadilisha uzito kulikuwa na gharama: ungelazimika kukaa na kikokotoo, kupitia jina baada ya jina, na ungemwona kwa macho yako fulani akishuka. Kule kuchoka kulikuwa kinga. Leo naweza kumshusha mtu bila kulisoma jina lake.

Tabia ya pili ni ule utaratibu wa uzito wa kujipanga wenyewe, ambao umo katika mfumo tangu toleo la 2.8 la mwaka 2014. Ukiongeza zoezi jipya katikati ya muhula na hukufunga uzito wa mazoezi ya zamani, mfumo hupunguza asilimia za yale ya zamani ili kumpisha mgeni. Mhadhiri anadhani ameongeza zoezi. Kumbe amepanga upya somo zima.

Tabia ya tatu ni kisanduku kidogo kinachouliza kama kazi zisizo na alama ziachwe nje ya hesabu. Kikiwa na tiki, mwanafunzi aliyefanya kazi moja tu, akapata 9 kati ya 10, huona jumla yake ni asilimia 90, akaenda kulala. Tiki ikiondolewa, zile kazi ambazo hakuzifanya huhesabiwa sifuri, na katika mgawanyo wangu wa alama 40 mtu huyo huyo huwa na asilimia 22 na nusu. Hakuna alama hata moja iliyosahihishwa kati ya hali hizo mbili.

Na tabia ya nne ni ukimya. Mfumo hutunza historia ya alama, lakini historia hiyo anaiona mhadhiri. Mwanafunzi hapati ujumbe wa kumwambia kwamba jana kilichokuwa 10 leo ni 5, ni nani aliyebadilisha, saa ngapi, na kwa sababu gani. Anaona tarakimu ya mwisho tu. Kama hakuikumbuka ile ya jana, hana hata cha kulalamikia.

Hata hivyo, katika programu hiyo hiyo nimekuta jambo lililonifanya nione aibu. Watengenezaji walipogundua makosa ya hesabu katika matoleo ya awali ya daftari la alama, waliyasahihisha, kama ilivyo wajibu wao. Lakini kozi za zamani ambazo alama zake zingebadilika kwa sababu ya masahihisho hayo hawakuzigusa kimyakimya. Waliziacha zimegandishwa. Mwalimu akifungua daftari la kozi ya namna hiyo, hukuta tangazo linalomwambia kwamba ipo hesabu mpya, na kwamba alama hazitabadilika mpaka yeye aikubali. Watu wasiowajua wanafunzi wetu, waliokuwa wakisahihisha kosa la kweli la hesabu, waliona kwamba alama ambayo mtu ameshaiona ina heshima yake. Mimi niliyekuwa nikiwafahamu wale wanafunzi kwa majina sikuliona hilo.

Wasiotumia mifumo hii wasidhani kwamba haya ni mambo ya kompyuta. Nchi yetu imewahi kufanya nilichokifanya mimi, kwa vijana mamia ya maelfu, bila programu yoyote ya kulaumiwa.

Swali la uzito wa alama lina historia ya heshima kwetu. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, dhidi ya kumpima mtoto kwa mtihani mmoja wa karatasi. Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliagiza uzito wa mtihani upunguzwe na kazi ya kila siku ya mwanafunzi ihesabiwe. Kuanzia mwaka 1976, katika shule za sekondari, maendeleo ya mwanafunzi na mtihani wa mwisho vikawa nusu kwa nusu. Mtu anaweza kukubali au kukataa uamuzi ule. Mimi ninaukubali kwa sehemu kubwa. Lakini ulikuwa uamuzi wa kisiasa uliofanywa hadharani, ukajadiliwa, ukatangazwa kwa jina, na nchi ikajua ni kipimo gani kinatumika.

Linganisha na yaliyofuata. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na takriban asilimia 60 ya watahiniwa, zaidi ya vijana 240,000, walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu akaunda tume. Mei 2013 Serikali ikalieleza Bunge kwamba mwaka huo Baraza la Mitihani lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa viwango vya alama, tofauti na uliotumika miaka ya nyuma. Ikaagizwa matokeo yafutwe na yachakatwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Waliokuwa wamepata sifuri wakajikuta wana daraja la nne, wengine wakiwa tayari wameshachoma madaftari yao. Mwaka huohuo, Oktoba, vikatangazwa viwango vingine vya alama, na maendeleo ya shule yakapewa uzito wa 40 kwa 60 za mtihani. Matokeo ya mwaka 2014 yakatoka kwa mtindo wa wastani wa pointi, na maneno mapya ambayo wazazi hawakuyajua. Januari 2016 Wizara, chini ya waziri mpya, ikaagiza turudi kwenye madaraja. Vijana walioingia kwenye chumba cha mtihani Novemba 2015 wakijua watapimwa kwa pointi, walipokea matokeo yao Februari 2016 kwa divisheni.

Sitaki kumhukumu mtu mmoja mmoja katika mlolongo huo. Baadhi ya mabadiliko yale yalikuwa na sababu nzuri kuliko mengine. Ninachotaka msomaji akione ni mkao wa jambo lenyewe: wenye mamlaka wanagundua tatizo, wanakwenda kwenye kipimo, wanakigeuza, na wanaopimwa wanakuja kusikia baadaye.

Wala hatuko peke yetu. Agosti 2020, Uingereza ilipokosa kufanya mitihani ya kidato cha juu kwa sababu ya korona, mamlaka ya mitihani ilitumia hesabu ya kompyuta iliyozipa rekodi za nyuma za shule uzito mkubwa. Karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu zilishushwa, na walioumia zaidi ni vijana wazuri wa shule ambazo hazikuwa na historia nzuri. Vijana waliandamana wakiwa na mabango, na siku nne baada ya matokeo kutangazwa Serikali ikarudi nyuma, ikakubali alama za walimu. Wale walikuwa na mabango na kamera za televisheni. Binti yangu wa mlangoni alikuwa na simu yenye ufa na mtoto aliyeanza kulia.

Sasa nije kwenye hoja ngumu, kwa sababu wanafunzi wangu wasomao hapa hawatanisamehe nikiikwepa. Je, nilipaswa kuacha mambo yalivyokuwa? Kama nisingegusa kitu, yule kijana wa 15.5 angezuiwa kufanya mtihani kwa kosa la nguzo ya mtandao. Kutobadili nako kungekuwa dhuluma. Vivyo hivyo, kama Serikali isingefuta matokeo ya 2012, maelfu wangebeba sifuri iliyotokana na kubadilishwa kwa utaratibu. Anayesema kipimo kisiguswe kamwe hajawahi kukutana na kipimo kibovu.

Nimelitafakari hili kwa miezi kadhaa, na nilipofika ni hapa. Kilichoharibika siku ile kilikuwa jaribio la pili. Dawa ya jaribio lililoharibika ni kulirudia kwa wale lililowaharibikia. Hilo nililijua tangu wiki ya nane. Lakini kurudia jaribio kungenigharimu mimi: kutunga maswali mapya, kutafuta ukumbi, kuomba msimamizi, kusahihisha upya. Kubadilisha uzito hakukunigharimu chochote. Gharama ilikuwepo vilevile, ila niliihamisha kutoka mezani kwangu kwenda kwa watu ambao walikuwa hawajalalamika, kwa sababu hawakuwa na cha kulalamikia. Na hivi ndivyo uzito unavyovutia kila mwenye madaraka: unamwezesha kutatua tatizo la wanaopiga kelele kwa mali ya walionyamaza.

Siku ileile nilikwenda kwa mkuu wa idara na kumweleza nilichofanya. Tuliitisha kikao pamoja na viongozi wa darasa. Mmoja wao alipendekeza kila mwanafunzi apigiwe hesabu zote mbili na apewe iliyo kubwa. Ni pendekezo la kiungwana, na lilikuwa bora kuliko kitendo changu, kwa kuwa asingeumia mtu. Tulilikataa kwa sababu moja: 18 ya mtu mmoja ingekuwa na maana tofauti na 18 ya mwenzake aliyeketi kando yake. Tukakubaliana uzito urudi kama ulivyotangazwa wiki ya kwanza, na jaribio la pili lirudiwe, kwenye karatasi, Jumamosi, kwa kila aliyekatikiwa na mtandao na anayetaka.

Nilisimama mbele ya darasa nikasema nilikosea. Haikuwa rahisi, na sikupigiwa makofi. Waliopanda usiku ule walinung'unika, na wana haki. Kwao mimi nilikuwa nimetoa na kunyang'anya ndani ya siku tatu. Jumamosi yule kijana wa 15.5 alipata 6, akafikisha 20.5 kwa jasho lake. Wengine kadhaa walishindwa hata kwa karatasi, na kushindwa huko kulikuwa kwao, hawakusingizia mtandao. Binti wa mlangoni alirudishiwa 17 yake, akaingia kwenye mtihani, akafaulu somo bila sapu.

Ningeweza kuishia hapo, na makala yangekuwa na mwisho mwema. Lakini walioshuka chini ya 16 usiku ule walikuwa wanne. Watatu tuliwapata. Wa nne, kijana kutoka vijiji vya ndani kabisa vya Tunduru, aliangalia alama zake alfajiri ileile, akaona 13, akahesabu nauli iliyobaki, akapanda basi kwenda nyumbani. Hakuja kuuliza. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema hakujua kwamba alama za kwenye mfumo zinaweza kuulizwa. Alidhani kompyuta ikishasema imesema. Simu yake haikupatikana kwa wiki mbili, kijijini kwao mtandao ni wa kupanda mlimani. Aliporudi, mtihani ulikuwa umekwisha kufanyika. Kwa hesabu sahihi alikuwa na 16.5. Analirudia somo mwaka huu. Huketi safu ya tatu kutoka nyuma, hunisalimu vizuri, nami huwa sijui niyapeleke wapi macho yangu.

Ni kwa ajili yake nimeandika. Na kwa ajili yake napendekeza mambo machache, ambayo nimeyawasilisha idarani na ningependa yajadiliwe katika seneti za vyuo vyetu. Uzito wa kila kazi utangazwe kwa maandishi wiki ya kwanza, na kuanzia siku kazi ya kwanza inaposahihishwa, uwe umefungwa. Kazi ikiharibika, irekebishwe kazi hiyo, isiguswe mizani yote. Kama kuna ulazima kabisa wa kubadili uzito, uamuzi uwe wa idara na si wa mhadhiri mmoja usiku, na kabla ya kubofya chochote, nakala ya daftari zima ipakuliwe, hesabu ya zamani na mpya zipangwe sambamba, na majina ya wanaoshuka yasomwe moja baada ya jingine kwa sauti. Kisha kila aliyeguswa apelekewe ujumbe wenye alama ya kabla, alama ya baada, sababu, na siku za kukata rufaa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti.

Nanyi watumishi wa umma mnaonisoma, msidhani kwamba haya ni ya vyuoni tu. Mlipimwa kwa fomu za OPRAS kwa miaka mingi, na sasa mnapimwa kwa PEPMIS, kwenye mfumo. Kupandishwa daraja kunazidi kutegemea tarakimu inayotoka humo. Ulizeni mapema, kwa upole na kwa maandishi: kila kazi yangu ina uzito gani, nani anaweza kuubadilisha, na akiubadilisha, mimi nitajuaje? Maswali hayo ni rahisi kuyauliza mwanzoni mwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka huonekana kama malalamiko.

Muhula huu nimebandika mgawanyo wa alama mlangoni mwa ofisi yangu, umepigwa muhuri wa idara. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliusoma, akaniuliza kwa nini nimeweka karatasi ilhali yote yamo kwenye mfumo. Nilimwambia akae kidogo nimsimulie. Alikuwa na haraka ya kwenda kwenye kipindi, nikamwacha aende.